Nafanya nini huku Italia? Watu wa Malindi, nawajibu mara moja

Assalaam aleikum, Malindi, Ngomeni, na ninyi wa Watamu. Swali ni lile lile kila wiki: "Dada, huko unafanya kazi gani hasa?" Nikijibu, mmoja ataniambia naringa, mwingine ataniambia kazi yangu kulalamika. Haya, leo nimalize, mnitukane mara moja.

Nasafisha data za NuSTAR, setilaiti ya NASA iliyorushwa 2012 kutazama eksirei za mbinguni. Ile ya Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa 1970 kutoka baharini kwetu Ngomeni, siielezi, kila nyumba Ngomeni ina babu aliyeiona ikipaa.

Data zenyewe si picha. Ni orodha ndefu: fotoni hii, yaani chembe moja ya mwanga, imegonga kipokezi saa ngapi, upande gani, kwa nishati kiasi gani. Nakaa nazipeta kama mchele. Setilaiti ikipita kusini mwa Atlantiki, kwenye chembe nyingi za mionzi, muda ule natupa. Dunia ikiziba nyota, natupa. Halafu kuna mlingoti wake wa mita 10, vioo ncha hii, vipokezi ncha ile. Mlingoti ukitoka juani kuingia kivulini unajipinda kidogo. Miale ya leza inapima umepinda kiasi gani, ndipo programu inairudisha kila fotoni mahali pake. Pakiharibika hapo, nyota yako inakuwa ukungu. Mimi nilipoteza wiki tatu kwa kutumia faili la vipimo lililopitwa na wakati, na nililia, sisemi uongo.

Sasa linaloniuma. Setilaiti hiyo inazunguka karibu na ikweta, kwa hiyo data zake zinashukia wapi? Kwetu! Antena ya kituo cha anga cha Ngomeni inazidaka, kisha zinakwenda zake Marekani bila visa. Mimi niliyezaliwa mwendo wa bodaboda kutoka pale, kibali cha ukaazi ni stempu ya euro 16, ada juu ya ada, alama za vidole, miezi saba nangoja na karatasi ya risiti. Shangazi akazikwa nisiwepo, niliogopa nikitoka sirudi. Binamu akaandika nimewasusa. Nimewasusa na risiti?

Na msidhani pesa zimejaa. Kodi ya chumba inameza karibu nusu ya posho.

Je, lazima uje Ulaya? Hapana. Muda wa walioomba uchunguzi kuzitumia peke yao ukiisha, data zinawekwa wazi kwenye hifadhi ya NASA, bure, na programu za kuzichambua ni bure pia. Mimi nilipata ufadhili na mwalimu mvumilivu. Hayo ni yangu, wewe una yako. Usimuuzie mtu minazi ya baba kwa sababu ya video yangu.

Na wewe unayeomba nimwingize shemeji yako pale kwenye antena: sina mtu pale. Hata mlinzi wa getini simjui.