Mtoto anajikuna usiku? Minyoo hiyo, twende hatua kwa hatua

Haya wapendwa mambo vipi, niko hapahapa home Mbagala, leo tunaongelea vile vinyoo vyeupe vyembamba kama kipande cha uzi vinavyomfanya mtoto ajikune nyuma usiku kucha halafu bibi anasema mmezidisha sukari. Sukari haileti minyoo jamani. Amemeza mayai yake, basi.

Kwanza subiri alale kama masaa mawili matatu, washa tochi ya simu, angalia taratibu pale kwenye njia ya haja kubwa. Minyoo jike inatoka usiku kutaga pale nje, ndo maana mchana huoni kitu. Hujaona? Asubuhi kabla hajaoga wala kwenda chooni chukua selotepu ile inayoonyesha upande wa pili, gusisha upande wa gundi palepale, kisha ibandike kwenye kile kipande kidogo cha kioo cha maabara upeleke wakapime. Hapa nisikilizeni vizuri, watu wanapeleka choo kwenye kikopo, majibu yanarudi hamna kitu, wanatulia, kumbe mayai ya hii minyoo kwenye choo mara nyingi hayaonekani.

Dawa sasa. Albendazo, kuanzia miaka miwili kidonge kimoja cha miligramu 400, wa mwaka mmoja mpaka miwili nusu yake. Mdogo msagie kwenye maji, na akilia usimbane pua umlazimishe, atapaliwa. Chini ya mwaka au mjamzito, usimpe mpaka waseme kliniki.

Na ukiwatoa hao, mnakunywa nyumba nzima siku moja, dada wa kazi yumo. Mimi mara ya kwanza nilimpa yule anayejikuna tu, nikajiona mjanja nimebana hela, baada ya wiki tatu wote wanajikuna mpaka baba yao hatulii kwenye kiti.

Asubuhi yake kata kucha, waogeshe, badilisha chupi, mashuka yakunje polepole USIYAKUNG'UTE chumbani, fua, anika juani. Hayo mayai yanakaa hai mpaka wiki mbili tatu.

Minyoo mingine fasta: safura inapenya kwenye nyayo, na mnajua masika vyoo vya shimo vikifurika maji yanaenda wapi, kwahiyo ndala. Mtoto viganja vyeupe, anachoka, akapimwe damu. Tumbo limejaa gumu, anatapika, choo hakitoki, hapo hospitali, usijaribu kidonge nyumbani. Na wa mwaka mmoja mpaka mitano kliniki wanapewa dawa ya minyoo kila miezi sita pamoja na matone ya vitamini A, usiruke.

La mwisho, wengi wanafeli hapa: dawa inaua minyoo, mayai haiyaui yote. Wiki mbili mbele mnarudia, watu walewale, dozi ileile. Mimi tarehe nimeiandika nikaibandika kwenye friji na selotepu, nyingine lakini eh, sio ile ya asubuhi.