Mbalamwezi ikitoka, wewe ni nani?

Mwakeye jamani! Haya, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo na hatulipishi.

MC hapa alivyotaka kunitambulisha akaninong'oneza, "mzee, niseme wewe ni nani?" Nikamwambia sema ni mtu anayependa samaki. Akacheka, akajua naongelea migebuka ya kukaanga. Mwisho akasema "karani mstaafu", mmemsikia wenyewe. Na wala sijastaafu, mkataba uliisha wakakataa kuuongeza.

Miaka kumi na moja nilikuwa karani wa stoo kwenye ofisi moja hapa Kigoma mjini, jina silitaji. Kwenye simu za watu nimeseviwa "Juma Stoo". Mkataba umeisha Ijumaa, Jumatatu simu kimya kama imezimwa. Wiki mbili baadae niko kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa shemeji, mwenyekiti anasema tujitambulishe, jina na unapofanya kazi, zamu yangu ikafika nikasimama, "naitwa Juma, mimi ni... nilikuwa..." nikakaa. Hata ahadi sikutaja (mke wangu mpaka leo anasema nilifanya makusudi kukwepa mchango, tumwache).

Sasa nyie watoto wa Katonga na Kibirizi mnajua, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki. Taa ya mvuvi inawavuta dagaa usiku kwa sababu kuna giza, mbalamwezi ikitanda ziwa zima linakuwa na mwanga, sa dagaa aje kwenye taa yako kutafuta nini? Kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala. Hizo ni siku chache tu. Lakini mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, miezi mitatu, yaani mbalamwezi ya miezi mitatu! Nikawaona wanaume wazima wanazunguka mwaloni kama wamepoteza funguo. Njaa ilikuwepo, sikatai, ila kuna kitu kingine kilikuwa kimewapungua na mimi nilikijua maana kilishanikuta kwenye kile kikao.

Jirani yangu mmoja yeye hakuzunguka. Ni mvuvi kama wale, hana akiba kuwazidi, ila ni mtu wa drafti. Ubao na vizibo vya soda, chini ya mwembe, kuanzia asubuhi anafundisha watoto kufunga kete. Hakuna aliyekuwa anamwita mvuvi pale, anaitwa Bingwa. Ziwa limefunguliwa amerudi kuvua, na bado ni Bingwa.

Hapa Gombe pia, hatuendi mbali. Julai 1960 Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, anashuka pale ufukweni ana miaka 26, chuo hajaenda, kazi aliyosomea ni usekretari. Kwa cheo ni mpiga taipu. Lakini toka mtoto ni mtu wa wanyama, alikuwa ameshaamua hilo kabla hajapata mtu wa kumlipa, na mwaka huo huo akamwona sokwe anachokoa mchwa kwenye kichuguu kwa kijiti, wakati wasomi wanasema kutengeneza zana ni kazi ya binadamu tu. Chuo cha Cambridge baadae wakampa shahada ya udaktari bila digrii ya kwanza.

Najua mnachotaka kuniuliza, mzee penzi linaleta ugali? Mara nyingi halileti, sitawadanganya. Na mimi sipendi hii tabia ya sasa kila kitu lazima kiwe fursa, binti anapenda kusuka mikeka, kabla hajamaliza wa kwanza ameshaambiwa afungue akaunti, atafute soko, atengeneze logo. Mwache asuke! Akiigeuza kazi leo, kesho soko likifa atabaki tena "nilikuwa".

Mimi langu ni samaki wadogo wa mawemawe, wale hawaliwi. Nina miwani ya kuzamia, lenzi moja ina ufa, naingia maji ya kiunoni nainamisha kichwa. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, duniani linapitwa na ziwa Baikal la Urusi tu, ila uhondo wote kwangu uko hapo hapo karibu na ufukwe. Kuna mama anabeba mayai mdomoni wiki kadhaa mpaka watoto wanatoka wanaogelea, wakishtuka wanarudi tena mdomoni. Kuna wengine nyumba yao ni ganda la konokono. Wengi wao hawapo ziwa lingine lolote duniani, wako humu, na sisi tumezaliwa hapa tunawapita tukienda kufua.

Sa hivi nauza duka la mtu, la vipuri vya baiskeli. Kikao cha harusi kilichofuata nikasimama nikasema naitwa Juma, naangalia samaki. Wakacheka sana, mwenyekiti akaniuliza wa aina gani, tukaongea mpaka ajenda ya ukumbi ikasahaulika. Na ahadi nilitaja, elfu hamsini.

Haya maswali. Ila atakayetaka kuona yule mama wa mayai, Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa ufukwe wa Jakobsen, miwani ya pili ninayo, ila aje na taulo lake.