Kununua Hisa Bei Zikiporomoka

Asanteni. Mama aliyekaa hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza: "Mwalimu, nitajuaje bei imefika chini kabisa, ndipo ninunue?" Hutajua, mama. Hata mabingwa wa New York hawajui.

Chukueni mwaka 2009. S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, kilikuwa kimepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake tangu Oktoba 2007. Machi 9 kikafika chini, kisha kikaanza kupanda. Habari ziliendelea kuwa mbaya: ukosefu wa kazi Marekani ulifika asilimia 10 Oktoba, miezi saba baadaye. Aliyengoja habari nzuri alikuta bei zimeshapanda sana.

Hapa Lubumbashi tuliyaona kwa shaba. Katikati ya 2008 tani moja ilipita dola 8,000. Desemba ikawa chini ya 3,000. Mwaka 2011 ikapita 10,000. Desemba ile, nani kati yetu angethubutu kusema itarudi?

Mimi nafuata njia ya mama yangu, aliyeuza unga soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Mahindi mapya yakiingia na bei ikianza kushuka, hakumaliza pesa siku moja. Alifunga noti kwenye pembe za kitambaa, mafundo manne, na kila Jumamosi alifungua fundo moja tu. Bei ikishuka tena, fundo lilelile lilimpa mifuko zaidi. Ikipanda, tayari alikuwa na mzigo nyumbani. Nilimwona akishika fundo la pili katikati ya wiki, majirani wakimhimiza, kisha akaliacha.

Na hisa nunueni hivyo, kwa tarehe mlizopanga kabla ya hofu kuingia. Nunueni mfuko wa uwekezaji wenye hisa za kampuni nyingi. Mwaka 2008 hisa za Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, zilizidi kuwa rahisi, na wapo waliozikimbilia, mpaka Septemba 15 kampuni ikafilisika.

Tena soko zima nalo laweza kuchelewa mno. Nikkei, kipimo cha hisa za Japani, ilifika kilele Desemba 1989, ikakipita tena Februari 2024. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa na miaka 34.

Kwa hiyo, mama, ada ya Septemba usiiguse. Kodi ya nyumba pia, na dawa. Kinachobaki kifunge mafundo, halafu nifuate hapa mbele na kalenda yako tupange tarehe.