Tupa na Jiliwa: Mafundi Waliozaa Bastola ya Mashindano

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunaingia uwanja wa shabaha. Kaka Baraka amekuja na hoja, na nimemwambia kabla hatujawasha maikrofoni kwamba itabidi aitetee.

BARAKA: Nitaitetea, dada Zuhura. Ninasema hivi: chukua bastola yoyote ya mashindano inayouzwa dukani leo. Karibu kila kitu kinachoifanya iwe ya mashindano kilianzia kwa fundi mmoja na jiliwa yake na tupa yake. Kiwanda kilikuja nyuma, wakati mwingine baada ya miaka ishirini.

ZUHURA: Viwanda vina wahandisi. Wao walikuwa wamelala?

BARAKA: Hawakulala, walikuwa na mteja mwingine. Angalia bastola ya Colt 1911. Ni kazi ya mbunifu John Browning, jeshi la Marekani likaichukua mwaka 1911. Ilitengenezwa kwa ajili ya matope na vumbi, kwa hiyo vipande vyake viliachiwa nafasi ya kupumua. Kwa askari hiyo ni sifa. Kwa mtu anayelenga karatasi iliyo mita 45 mbele yake, kwa mkono mmoja, ni balaa. Kila risasi ikitoka, mtutu unarudi mahali tofauti kidogo.

ZUHURA: Na fundi ndiye anayeuzuia.

BARAKA: Ndiye. Anaibana slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka, juu ya fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, mpaka isicheze, halafu anaiteleza na kuisugua mpaka ipite laini. Mtutu anauchagua mnene kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha anaupunguza kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka ufunge pale pale kila mara. Jim Clark wa Louisiana alikuwa na hiyo kazi mkononi, na yeye mwenyewe alikuwa mlenga shabaha. Mwaka 1958 alitwaa ubingwa wa taifa wa bastola pale Camp Perry, Ohio. Raia, mbele ya wanajeshi waliokuwa na mafundi wa jeshi nyuma yao. Hilo linanigusa sana, kwa sababu kasoro aliyoihisi mkononi uwanjani aliirudisha mezani kwake mwenyewe. Hakuna barua iliyopita katikati.

ZUHURA: Lakini hiyo bado ni shabaha ya kusimama na kulenga taratibu. Hizi za kukimbia na saa zilitoka wapi?

BARAKA: California, mwishoni mwa miaka ya 1950. Jeff Cooper na wenzake walikuwa wakishindana kule Big Bear: kuchomoa bastola kiunoni, kasi na usahihi pamoja. Hapo maswali yakageuka. Bastola sasa inapaswa kushikwa vizuri ndani ya sekunde moja, na kurudi kwenye shabaha haraka baada ya teke. Mwaka 1976 wakakutana Columbia, Missouri, wakaunda IPSC, shirikisho la kimataifa, na Cooper akawa rais wake wa kwanza.

ZUHURA: Na mafundi?

BARAKA: Armand Swenson, hukohuko California. Yeye ndiye aliyeeneza kifungio cha usalama cha pande zote mbili, kwa ajili ya wenye mkono wa kushoto na kwa ajili ya kufyatua kwa mkono ulio dhaifu. Halafu kuna ule mkia wa nyuma ya mpini. Ukishika 1911 ya zamani juu kabisa, nyundo ikirudi inakubana nyama ya katikati ya kidole gumba na cha shahada. Mafundi wakaurefusha mkia ule na kuuinua. Ed Brown naye akaweka kinundu chini yake, ili hata ukishika vibaya kwa haraka, kifungio cha usalama kilicho nyuma ya mpini kibonyee.

ZUHURA: Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kushika bastola, kwa nini kushika juu kuna maana?

BARAKA: Mkono ukiwa karibu na mstari wa mtutu, teke linakusukuma nyuma badala ya kuuinua mdomo wa bastola. Mdomo usipoinuka, risasi ya pili inawahi. Mashindano haya yanahesabu sehemu za sekunde.

ZUHURA: Sasa nipeleke kwenye ile risasi ya .38 Super. Umenisumbua nayo wiki nzima.

BARAKA: Kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inasimama! .38 Super ilitoka mwaka 1929 na kwa miaka mingi ilidharauliwa kwa kukosa usahihi. Sababu ilikuwa kwenye mtutu. Chemba za kiwandani, yaani pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, ziliizuia risasi kwa ukingo mwembamba ulio kwenye kitako cha ganda, kile kikombe cha shaba kinachobeba baruti, kwa hiyo risasi ilikaa leo hivi, kesho vile. Irv Stone, mwenye karakana ya Bar-Sto, akachonga mitutu ambayo ganda linagota kwa mdomo wake. Tatizo likaisha. Risasi ileile, baruti ileile.

ZUHURA: Kumbe risasi haikuwa na kosa!

BARAKA: Haikuwa na kosa hata kidogo. Sasa sikiliza sheria za IPSC. Pointi zinategemea nguvu: uzito wa risasi ukizidishwa na mwendo wake. Ukifika daraja kubwa, hata ukikosa katikati unapata pointi zaidi. Kila mtu alikuwa anapiga risasi nene ya .45 ili afike pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walenga shabaha Rob Leatham na Brian Enos wakatokea na .38 Super iliyojazwa baruti nyingi, na mbele ya mtutu wamefunga kompenseta, kile kipande chenye matundu juu. Gesi inatoka kwa juu, inausukuma mdomo chini. Risasi ndogo yenye mwendo mkali inahitaji baruti nyingi, baruti nyingi inazaa gesi nyingi, na kompenseta inakula gesi. Juu ya hayo, magazini inabeba risasi zaidi ya .45.

ZUHURA: Na hatari yake? Ukijaza baruti hivyo, chuma kinavumilia?

BARAKA: Chuma kilivumilia, ganda ndilo lililopasuka. Mtutu wa 1911 unaacha sehemu ya chini ya ganda bila kuegemea kitu. Mtu alipasukiwa, gesi ikashuka kwenye magazini. Jawabu likatoka kwa mafundi tena: mtutu wenye ngazi yake yenyewe ya kupandishia risasi, unaolikumbatia ganda mpaka nyuma. Mpaka leo mikato miwili inayotumika duniani inaitwa kwa majina yao: Clark/Para na Wilson/Nowlin. Ukinunua fremu leo, swali la kwanza la muuzaji ni hilo, unataka mkato upi.

ZUHURA: Hapo nakubali. Jina la fundi limebaki kwenye chuma. Lakini kiwanda nacho kina haki yake, kaka. Fundi mmoja anatengeneza bastola ngapi kwa mwaka? Watu walikuwa wakisubiri foleni na kulipa fedha nyingi. Katikati ya miaka ya 1990 kiwanda cha Kimber walipotoa 1911 yenye mkia ule, triga nyepesi na vilengeo vizuri, yote tayari ndani ya boksi, kijana wa kawaida akaweza kuingia mashindanoni.

BARAKA: Sibishi. Ninachotaka ni tukumbuke orodha ile ya vipande ilitoka wapi. Kimber hawakubuni, walisoma kile ambacho wateja wa mafundi walikuwa wakikilipia.

ZUHURA: Na ile bastola inayoitwa 2011? Hiyo nayo ni ya fundi?

BARAKA: Virgil Tripp na Sandy Strayer, Texas. Watu walitaka magazini ya safu mbili za risasi. Kampuni ya Para-Ordnance ya Kanada walikuwa wameshatoa fremu pana ya chuma, lakini mpini ulikuwa mnene. Tripp na Strayer wakaikata fremu vipande viwili: juu chuma chenye reli, chini mpini wa polima, yaani plastiki ngumu, uliofungwa hapo. Polima ilipunguza unene, na mkono wa kawaida ukaweza kuizunguka. Strayer baadaye akaondoka na kuungana na Michael Voigt. Kampuni ya STI iliyobaki na muundo huo ikabadilisha jina mwaka 2020 kuwa Staccato, na sasa askari polisi Marekani wanaibeba kiunoni. Bastola ya michezo imeingia kazini.

ZUHURA: Na kile kilengeo cha kioo chenye doti nyekundu? Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1990 kule Adelaide akiwa nacho.

BARAKA: Wakati ule kilikuwa bomba kubwa, kimefungwa kwenye fremu kwa sababu slaidi ingekitikisa mpaka kife. Vilipokuja vidogo, mafundi wakaanza kuchonga slaidi ili kioo kikae humo. Kiwanda cha Glock wakaanza kuziuza zikiwa zimeshachongwa, kwa jina la MOS, mwaka 2015. Njia ni ileile.

ZUHURA: Kuna upande wa pili ambao wewe huutaji. Bastola hizi zilifika mahali mtu asiye na fedha hakuweza kushindana. Bill Wilson, fundi wa Berryville, Arkansas, alikuwa miongoni mwa walioanzisha IDPA mwaka 1996, shirika la mashindano ya bastola za kawaida za kubeba kiunoni, na sheria zake zilikataza kompenseta kubwa na mikoba ya bastola ya mbio. Mchezo huo ndio unaochezwa pale Kirigiti, Kiambu, na wenzetu Wakenya. Fundi mwenyewe aliona imezidi.

BARAKA: Hilo ni kweli, na namheshimu kwa hilo. Aliuza vipande vya mbio, kisha akajenga uwanja ambao havihitajiki.

ZUHURA: Mashine za kompyuta sasa zinakata slaidi na fremu zikabana zenyewe. Fundi amebaki na nini?

BARAKA: Kivuta ganda, kile kinachotoa ganda tupu kwenye mtutu. Kwenye 1911 ni kipande kimoja kirefu cha chuma cha springi, na kubana kwake kunawekwa kwa kukipinda kwa mkono. Kikibana sana, risasi haipandi. Kikilegea, ganda linabaki ndani. Halafu midomo ya magazini za 2011. Mpiga shabaha wa daraja la juu ana magazini zilizoandikwa namba, na kila moja fundi ameigusa.

ZUHURA: Mmetuuliza mara nyingi kuhusu bastola za Olimpiki na ile mipini ya mbao inayochongwa kwa umbo la kiganja cha mtu mmoja. Hiyo ni wiki ijayo. Tuleteeni maswali mapema, hasa ninyi wenye mkono wa kushoto.