Jinsi ya kuomba faili la mtu mwingine serikali ya Marekani kwa FOIA, hatua kwa hatua

Haya jamani, mambo vipi, meza inaonekana? Inaonekana. Leo tunaomba faili, na sio faili lako, la kwako ni rahisi, leo ni faili la mtu mwingine, yaani karatasi ambazo serikali inazo kuhusu yeye, na tunaiomba serikali ya Marekani kwa ile sheria yao ya kuomba nyaraka za serikali, inaitwa FOIA, tamka foya. Rais Johnson aliisaini tarehe 4 Julai 1966, na uzuri wake ambao wengi hawaujui ni kwamba si lazima uwe raia wala si lazima uwe unaishi kule, mtu yeyote anaomba. Mi naipenda hii kazi kwa kweli, yaani kushika karatasi ambayo karani aligonga taipu miaka sitini iliyopita halafu ikalala kabatini mpaka wewe ulipoiulizia, acha tu.

Tuanze. Chagua ofisi. Hakuna dirisha moja la serikali nzima, kila idara inapokea maombi yake, kwa hiyo mambo ya uchunguzi ni FBI, mambo ya uhamiaji USCIS, na kadhalika, ingia tovuti yao utafute neno FOIA utaona pa kutumia maombi. Bunge lao na mahakama zao hazimo kwenye hii sheria, na majimbo yana sheria zao wenyewe. Kama unamtafuta mwanajeshi wa zamani rekodi ziko mji wa St. Louis, na hapo kuna raha, ikipita miaka 62 tangu atoke jeshini faili linakuwa wazi kwa kila mtu, huhitaji ruhusa ya yeyote. Ila mwaka 1973 jengo lililozihifadhi liliungua, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18, kwa hiyo wakikujibu limeungua sio kwamba wanakuficha.

Sasa barua. Ukurasa mmoja unatosha, mi sipendi barua ndefu. Sema unaomba kwa sheria ya FOIA, sema unataka nini hasa na cha miaka ipi, weka jina la mhusika. Ngoja nisogeze taa, karatasi inang'aa... haya. Kwenye jina hapa tulia kidogo. Majina yetu yanaandikwa kila namna, Mohamed, Mohammed, Muhammad, na karani wa zamani aliandika alivyosikia, kwa hiyo weka aina zote unazozijua, na jina la baba na la babu kama lilitumika. Tarehe ya kuzaliwa mwezi uandike kwa neno, maana ukiandika 3/4/1941 wewe umemaanisha tarehe tatu mwezi wa nne, Mmarekani anasoma mwezi wa tatu tarehe nne.

Haya, sasa tumefika kwenye kiini cha video. Ukiomba faili la mtu mwingine, swali la kwanza watakalojiuliza ni je huyu mtu yuko hai? Kama yuko hai ana haki ya faragha na hawakupi kitu, labda uwe na ruhusa yake, au uoneshe kwamba umma una haja kubwa ya hiyo habari kuliko faragha yake, na hiyo ya umma ni ngumu jamani, ukidai serikali ilifanya maovu lazima uwe na ushahidi mkononi, mahakama yao ya juu kabisa ilishasema hivyo mwaka 2004. Kama amefariki, thibitisha. Cheti cha kifo, au tangazo la kifo kwenye gazeti, hata habari ya gazeti inayosema amefariki. Kwa FBI kama alizaliwa miaka 100 iliyopita au zaidi hawakudai uthibitisho.

Na huo uthibitisho unaambatanishwa palepale, na barua, siku hiyohiyo. Usiseme nitatuma baadaye. Mi nilituma bila cheti, faili la mzee wetu mmoja ambaye alishafariki zamani, nikajibiwa kwamba hawawezi kukubali wala kukataa kama hizo rekodi zipo. Basi nikakaa naishangaa ile barua, wamelificha au hawana? Kumbe ni jibu lenye jina lake kabisa, wanaliita Glomar, limetokana na meli Glomar Explorer ya miaka ya sabini, shirika lao la ujasusi, CIA, walipoulizwa habari zake wakajibu hivyohivyo. Mimi kosa langu lilikuwa cheti tu. Kwa hiyo cheti, cheti, cheti.

Kamera imezima? Hapana, iko sawa, ni kioo tu kimefifia.

Kama mhusika yuko hai na amekubali, wizara ya sheria, na FBI iko chini yake, ina fomu inaitwa DOJ-361. Naisogeza karibu muione. Mnaona hapa juu panaulizwa jina kamili la mwombaji? USIANDIKE JINA LAKO. Narudia, usiandike jina lako. Kuna kanamba kadogo pembeni, ukishuka chini kwenye maelezo ya hiyo namba wanasema jina linalotakiwa ni la yule ambaye rekodi zinamhusu. Mimi nilijaza la kwangu, mjomba wangu akasaini, fomu ikarudi, na mjomba alikuwa keshasafiri, nikasubiri wiki nzima aisaini upya. Jina la juu ni la mhusika, anwani ya mhusika, tarehe ya kuzaliwa ya mhusika, sahihi ya mhusika. Wewe unaingia sehemu moja tu, hapa palipoandikwa ni hiari, anapoidhinisha taarifa zake apewe mtu mwingine, hapo ndo jina lako. Na wameandika hiari lakini kwako wewe sio hiari, ikibaki wazi hujaruhusiwa. Haya tena kabla hamjafunga bahasha: juu yeye, kwenye hiari wewe. Hakuna haja ya kugongewa muhuri na wakili, anasaini akiapa kwamba akidanganya sheria imshike, basi. Idara zingine zina fomu zao, usipeleke hii kila mahali.

Hela. Mtu wa kawaida asiyefanya biashara anapewa saa mbili za kutafutiwa na kurasa 100 bure. Mi huwa naandika kabisa nipo tayari kulipa mpaka dola 25, ikizidi niulizeni kwanza.

Tuma. Wana siku 20 za kazi kujibu, wanaweza kuongeza kumi kukiwa na sababu maalumu, na ukweli mafaili mengi yanachukua muda mrefu zaidi ya hapo. Watakupa namba ya ombi, iandike mahali pawili.

Faili likija, ona hili langu, lile la yule mzee, baada ya kutuma cheti. Mstari mweusi, mweusi, halafu pembeni kuna b6, hapa b7C. Hizo ni sababu za kufuta, zote mbili za faragha, maana mzee amefariki lakini waliotajwa pamoja naye huenda wako hai. Sababu ziko tisa kwa jumla. Usiporidhika una siku 90 angalau za kukata rufaa kwenye idara hiyohiyo, andika kwa ufupi ni kurasa zipi na kwa nini unadhani wamekosea, na kama mtu aliyefutwa unajua amefariki, ambatanisha cheti chake pia. Mi nishapata vyeti viwili vya hawa waliofutwa ukurasa wa nne, kesho natuma rufaa.