Mgongo wa Mbeba Magunia: Mhadhara kwa Wafanyakazi wa Maghala, Mtwara

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Msimu wa korosho unabisha hodi. Malori ya Tandahimba, Newala na Masasi yatapanga foleni, na nyinyi ndio mtakaoyashusha. Nimekuja kuzungumzia migongo yenu, lakini naanza na wasimamizi.

Kila mwaka mbebaji huambiwa akunje magoti, anyooshe mgongo. Si ushauri mbaya. Ila tafiti zilizopima mafunzo ya aina hiyo hazikuonyesha kwamba peke yake yanazuia maumivu ya mgongo. Hata ile mikanda mipana ya kiunoni, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliichunguza ikakosa ushahidi kwamba inamkinga mtu ambaye hajaumia. Mgongo hulindwa na jinsi kazi ilivyopangwa, na anayeipanga ni wewe msimamizi.

Gunia la korosho lina kama kilo 80. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la 1967, liliweka kilo 55 kuwa ukomo kwa mwanamume mzima. NIOSH wao ukomo wao huanzia kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na bila kujipinda. Kwa hiyo gunia letu si la mtu mmoja, hata awe na kifua cha namna gani.

Kijana, njoo hapa mbele. Kumbatia ndoo hii ya maji, lita 20. Unaimudu, sivyo? Sasa isogeze mbele, mikono inyooke. Jamani, mmeona kiuno kilivyokaza? Misuli ya kiunoni iko kama sentimita 5 tu nyuma ya diski, lile gegedu lililo kati ya pingili za uti wa mgongo. Ndoo ikikaa sentimita 50 mbele, misuli hulazimika kuvuta mara kumi ya uzito wake, yaani kilo 200, na diski ndiyo inayobanwa. Na huyu wala hajainama! Fikirieni anayeokota gunia sakafuni, kisha akageuza kiwiliwili miguu ikiwa palepale.

Basi lori lisimame penye jukwaa la usawa wake. Magunia yapangwe juu ya chaga, toroli ziwe nzima, gunia linyanyuliwe na wawili. Na hili la kulipwa kwa gunia linaniuma sana. Anayehesabiwa magunia hapumziki, na misuli iliyochoka haimshiki tena. Wekeni mapumziko yanayolipwa.

Alfajiri diski huwa zimevimba kwa maji zilizofyonza usiku, na kuinama huzikaza zaidi, hivyo saa ya kwanza anzeni na toroli, kuinama kungoje.

Aliyeumia asilale wiki nzima. Atembee kadiri awezavyo. Lakini akipata ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukagoma, au miguu ikalegea, mpelekeni hospitali ya Ligula saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na karani aandike siku ileile: tarehe, saa, mzigo gani, nani alikuwepo. Madai chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 yatahitaji maandishi hayo.