Makala Moja, Macho Manne

Ndugu zangu matabibu na wauguzi, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kusoma makala za kitaaluma wawili wawili. Nitaanza na kosa langu, maana lingeweza kumfikia mtoto kitandani.

Makala yenyewe ni ya utafiti wa FEAST, iliyotoka mwaka 2011. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wana homa kali, hali mbaya, damu haizunguki vizuri. Tulifundishwa kwamba mtoto wa hivyo umfungulie dripu ikimbie. Matokeo yakaja kinyume: ndani ya saa 48, kati ya waliokimbiziwa maji walikufa zaidi ya 10 katika kila 100, kati ya wasiokimbiziwa, 7 na kidogo.

Nikaifunga. Nikamwambia mwenzangu wa wodini, "Dada, dripu ya kukimbiza basi tena."

Yeye ni muuguzi wa miaka mingi na hasomi kwa pupa. Akaweka kidole kwenye sehemu ya mbinu, ambayo mimi niliiruka, akauliza, "Wa kuhara wako wapi hapa?"

Hawakuwamo. Watoto wa kuhara na kutapika waliachwa nje tangu mwanzo, na wenye utapiamlo mkali vilevile. Kwa hiyo makala haikusema neno juu ya mtoto aliyekaukiwa maji, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Mimi nilikuwa tayari kumnyima maji huyo.

Tangu siku ile kila mmoja husoma kwanza peke yake, penseli mkononi. Tukikutana, mmoja anaeleza makala bila kuitazama. Mwingine ameishika, anamkatiza kila anapopotoka. Kisha tunauliza: nani hakuhesabiwa? Mtoto wetu wa kitanda cha dirishani angeingia kwenye utafiti huu? Hapo tunakaa sana, wakati mwingine mpaka zamu inabadilika. Hesabu zinazotushinda tunaziandika, tunampelekea daktari.

Tafuteni mwenza asiyeona haya kuwabishia. Na vyeo viacheni mlangoni, nawasihi. Mimi nilimzidi yule dada Kiingereza, yeye alinizidi kuwajua watoto wagonjwa, na makala ile ilitutaka sote wawili.

Nakala zake hizi hapa, moja kwa kila watu wawili. Mgeukie aliye kulia kwako, mfungue sehemu ya mbinu.